Unga wa Mtachoka

Juzi mvua ilinikuta barazani kwangu hapa Likombe. Mbwa wa jirani, yule mweusi anayelala kwenye mabati, akaja kujibanza chini ya upenu wangu, akajikung'uta. Nikavuta kanga yangu miguuni haraka kama mtu aliyeona nyoka. Halafu harufu ikanifikia, ile harufu ya manyoya mabichi na udongo uliopigwa mvua, na badala ya kumfukuza nikabaki nimekaa namtazama. Mjukuu wangu akaniuliza mbona simfukuzi. Nikamwambia ataondoka mwenyewe mvua ikikatika. Sikumwambia zaidi, maana watoto wa siku hizi ukiwaanzia habari ndefu macho yanarudi kwenye simu. Lakini nyie wenzangu mliokulia kwenye makopa ya muhogo mtanielewa, basi nawaambia nyie.

Kwetu ni upande wa chini, unakoshuka kuelekea mdomo wa Ruvuma, kabla hujaikuta mikoko. Shamba lilikuwa la Bibi, mama yake mama yangu. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mikorosho ya Bibi, hata chungu tulichopikia kilikuwa cha Bibi. Baba yangu alikuja kuoa pale na akakaa pale pale, ndiyo ilikuwa desturi ya kwetu. Mwanaume anahamia ukweni, analima, anaangaliwa tabia. Na mkwe wa kiume hakuwa anasema na mama mkwe wake hivi hivi. Akiwa na neno anamwambia mkewe, na mkewe anamwambia mama yake, hata kama wote watatu wamekaa uwanja mmoja na kila mtu amesikia. Baba atasema, mwambie mama mpini wa jembe umevunjika. Mama atageuza shingo, Mama, mpini wa jembe umevunjika. Bibi atajibu, nimesikia, mwambie mumeo kuna mpini darini. Mimi niliona sawa tu. Nilidhani kina baba wote wana sauti ambayo masikio ya bibi hayaipati, kama vile mtu mzee asivyoona sindano.

Chakula chetu kilikuwa muhogo. Asubuhi muhogo wa kuchemsha, mchana ugali wa muhogo, jioni ugali huo huo. Makopa tuliyaanika juu ya kichanja, yakikauka tunayatwanga, tunachekecha, unga unawekwa kwenye debe kubwa chumbani kwa Bibi, na mfuniko wa debe hilo hakuna aliyeufungua ila yeye. Mboga ilikuwa kisamvu, kimetiwa korosho zilizotwangwa, zile zilizovunjika ambazo wanunuzi wanazikataa. Dagaa wakipatikana ni sherehe. Bibi hakuwa mchoyo, msije mkamfikiria vibaya. Alikuwa anakijua kiasi cha kila kitu, basi. Kibiriti kilikaa kimefungwa kwenye upindo wa kanga yake. Moto ukizimika tunakwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, Mama Zuhura, tunalibeba kwenye kifuu tukilipuliza njia nzima.

Vitamu vyetu vilikuwa vichache, na kwa uchache wake ndiyo maana mpaka leo navikumbuka kimoja kimoja. Kiangazi Mama alikwenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni, tukaichemsha kwa chumvi, nikaimenya kwa meno nikiitafuna polepole ili Zuhura wa jirani amalize kwanza aanze kunitazama. Ijumaa baada ya kuoga Bibi alinitilia sukari kiganjani, ncha ya kijiko tu, nikailamba mpaka kiganja kikawa chekundu. Na ukoko. Ukoko wa chungu ulikuwa wangu kwa haki, sikupewa, nilikuwa nao, kama vile Baba alivyokuwa na jembe lake.

Mpaka alipokuja mbwa.

Baba alimleta kwa ajili ya nguruwe. Mwaka ule nguruwe pori walikuwa wanakesha kwenye muhogo wetu, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa kama kuna mtu alipoteza hela. Baba akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Kitaya, akarudi na mbwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanika. Watu wa kijiji wakacheka. Mkwe gani huyu, wenzake wanakwenda ukweni na mbuzi, yeye kaja na mbwa. Mama Zuhura alikuja mpaka uwanjani kwetu kuuliza kama mbwa huyo ni sehemu ya mahari. Baba hakumjibu. Alimpa mbwa jina, akawa analiita kwa sauti kubwa jioni, upande wa nyumba zao: Mtachoka. Yaani chekeni, mtachoka wenyewe.

Bibi akaamini jina lile ametupiwa yeye. Hakulitaja hata siku moja. Alimwita "huyo wa mumeo".

Akaweka sheria. Mbwa asivuke mpapai. Mpapai ulikuwa katikati ya uwanja. Upande huu nyumba na jiko, upande ule kichanja cha korosho, na mbwa mahali pake ni chini ya kichanja. Chombo chake kilikuwa kigae cha mtungi uliovunjika, na kigae hicho kisiguswe na mkono wenye maji. Chakula chake kilikuwa ukoko na vichwa vya dagaa. Ukoko wangu. Niliposikia hivyo nilinuna siku nzima, Mama akaniambia nikinuna zaidi mdomo utabaki hivyo nikiolewa.

Lakini mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea chakula, na mtu huwezi kumchukia unayemlisha, jaribuni mtaona. Mtachoka alikuwa na adabu. Alilala hasa kwenye mpapai, miguu ya mbele kwake na pua kwetu, akanusa jiko letu bila kuvunja sheria. Nikimwekea ukoko hakuurukia. Aliutazama kwanza, akanitazama mimi, kana kwamba anauliza kama nimeshakula. Nikaanza kuugawa, kipande changu kikubwa na chake kikubwa. Mwisho chake ndicho kikawa kikubwa. Na nguruwe wakahama, hilo hata Bibi hakulikataa. Alisema tu nguruwe wamehama kwa sababu wamechoka na muhogo wetu mchungu.

Alasiri nilikuwa nakwenda chuo, kwa mwalimu aliyekuwa anatufundisha juzuu kwenye baraza lake. Ndiko nilikojifunza habari za mbwa. Mwalimu alisema mbwa wa kulinda shamba anafugwa hana ubaya, ila nyumba yenye mbwa ndani malaika wa rehema hawaingii. Akasema mate yake ni najisi, jasho lake najisi, akilamba chombo basi kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilivishika vyote. Nilikuwa mwepesi wa kushika, kuelewa ndiko kulikokuwa nyuma.

Ikaja masika. Nyie mnayajua masika ya kule, na mnajua kwamba ndiyo miezi ya njaa pia, mazao ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Mvua ikapiga siku mfululizo. Kichanja kilivuja, Mtachoka akawa analala kwenye matope, akaanza kukohoa. Kikohozi cha mbwa ni kama cha mtu, kinatoka kifuani. Nilikuwa nakisikia nikiwa nimelala kwenye mkeka wangu mkavu na sikupata raha.

Siku moja Mtachoka akavuka mpapai. Jiko lilikuwa na moto, chungu cha kisamvu kimeepuliwa, Mama amekwenda kuchuma pilipili. Niliporudi kutoka uani nikamkuta ameinamisha kichwa ndani ya chungu. Bibi alimwona wakati mmoja na mimi. Hakupiga kelele. Alimkuta akimaliza, akachukua mwiko, akampiga nao mgongoni mara moja, halafu mwiko nao akautupa pale, kwa sababu sasa mwiko nao umeharibika.

Kisamvu tulikimwaga, na korosho zake. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi. Bibi akakiosha chungu mwenyewe, kwa udongo wa kichuguu kwanza, akikisugua ndani na nje, halafu maji, halafu maji, anahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie hasara ya maji. Baba alikuwa amekaa kwenye gogo anatazama miguu yake.

"Mwambie mumeo," akasema Bibi, "chungu changu nimekinunua kabla hajanijua."

"Mama anasema..."

"Mwambie mama nimekosa," akasema Baba. "Mwambie mbwa akivuka tena, akiingia jikoni au ndani, siku ya pili yake nampeleka Kitaya kwa kaka. Hilo ni neno langu."

Mama akalirudia neno lote. Bibi akasema amesikia.

Kesho yake kile chungu kilikuwa motoni, na sisi tukala. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi. Jana chungu kilikuwa najisi hata mwiko uliomgusa mbwa ulitupwa. Leo Bibi mwenyewe, Bibi ambaye akimwona mbwa kwa mbali anakusanya kanga, anakula kutoka ndani yake. Nikamuuliza mwalimu chuoni kama kitu kikioshwa mara saba na udongo kinakuwa safi kabisa au safi kidogo. Akasema kabisa. Nikauliza, hata kama mbwa alikilamba chote? Akasema hata kama alilala humo, mwanangu, na sasa rudi kwenye aya yako.

Basi. Neno "hata kama alilala humo" lilinitosha. Ikiwa chungu kilichoguswa na mbwa kinatakata, mbwa mwenyewe akioshwa vile vile kwa nini asitakate? Nikashangaa watu wazima hawakuliona. Mtachoka angelala ndani kwenye joto, malaika wangeingia kwa sababu ndani hakuna najisi, Kitaya asingekwenda, na Bibi angefurahi. Nilimwona kila mtu akifurahi.

Nikangoja mvua ikatike. Siku ilipokatika, Baba alikuwa shambani anazibua mifereji. Mama alikuwa kwa Mama Zuhura anasaidiana naye kutwanga. Bibi alikuwa ndani, kwenye ukumbi, anachekecha unga. Ilibidi uchekechewe ndani siku hizo kwa sababu ya unyevu, na uliokwisha chekechwa ulitandazwa kwenye mkeka mkubwa ili ukauke kabla ya kutiwa debeni. Mitungi ilikuwa imejaa. Mama aliijaza alfajiri, kutoka kisima cha bondeni, na njia ya bondeni masika ni ya kuteleza, mtu anapanda na ndoo kichwani na vidole vya miguu vimeshika tope kama kucha za kuku.

Nilimshika Mtachoka nyuma ya kichanja. Nilichimba udongo wa kichuguu, mwekundu, nikaulowesha, nikampaka kuanzia masikio hadi mkia. Alisimama ananitazama vile vile anavyotazama ukoko. Halafu maji. Nilihesabu kama Bibi, kwa sauti, lakini ndogo. Nilimwosha kifua kwa nguvu zaidi kwa sababu ndiko kikohozi kilikotoka. Nilipofika mwisho mitungi ilikuwa mitupu, hata birika la udhu la Bibi, na mbwa alikuwa anang'aa kama korosho mbichi. Nikasema bismillah, nikamshika sikio lile zima, nikampitisha mpapai, nikamwingiza ndani.

"Bibi," nikasema, "Mtachoka ametwaharika."

Bibi aliinua kichwa na chekeche mkononi. Mpaka leo nauona uso wake. Haukuwa wa hasira, hasira ilikuwa bado iko njiani. Alifungua mdomo, na hakuwahi kusema, maana Mtachoka alifanya jambo ambalo mbwa yeyote aliyelowa analifanya. Alijikung'uta.

Kitu ambacho mwalimu hakunieleza, kwa sababu sikumuuliza, ni kwamba mbwa mkavu akipita karibu na kitu kikavu hana neno. Mbwa aliyelowa ndiye balaa. Mimi nilichukua mbwa mkavu ambaye hakuwa na neno nikamfanya balaa kwa mitungi ya maji ya Mama. Maji yakaruka kila upande. Yakaruka kwenye kanga ya Bibi, kwenye mswala wake uliotundikwa ukutani, kwenye kuta, usoni kwangu, na yakaanguka kwenye ule mkeka wa unga, matone makubwa, kila tone likaacha kishimo, kama mvua inapoanza kwenye mchanga.

"Mtoe," akasema Bibi. Neno moja tu. Nikamtoa.

Kilichofuata ni kazi. Mama aliitwa, akarudi bondeni na ndoo, akaenda na kurudi. Bibi aliosha mswala, akabadili kanga, akaniambia nivue nguo. Akaniosha mimi mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa udongo na maji, kama chungu. Udongo uliingia masikioni. Sikulia. Nilikuwa naona ni haki yangu, nami ndiyo kwanza nimetoka kumfanyia mwenzangu vile vile.

"Nani kakufundisha haya?" akaniuliza katikati.

"Mwalimu, Bibi. Alisema hata kama alilala humo."

Bibi akageuka upande wa migomba, mkono wenye udongo umeziba mdomo, nikaona mabega yake yanatikisika. Nikajua analia kwa ajili ya unga, na hapo ndipo nilipolia mimi. Niliukuta ukubwani ukweli kwamba Bibi alikuwa anacheka, na ilinichukua muda kukubali, kwa sababu sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile wala sikujua mabega yake yanafanyaje.

Baadaye aliufanyia kazi ule unga. Alikaa kwenye kigoda na kijiko cha kifuu, akachota kila mahali tone lilipoanguka, madonge na unga wa pembeni yake, akauweka mbali kwenye kopo la maziwa lililokwisha. Uliobaki mkavu ulikuwa wetu, haukuwa na kitu. Ule wa kwenye kopo haukuliwa na mtu tena. Lilijaa kopo zima. Kwa miezi ile, kopo zima la unga lilikuwa chakula.

Baba alirudi kabla ya magharibi. Alikuta mswala umeanikwa, kanga zimeanikwa, na mimi nimejifunga shuka ya Mama na udongo kwenye nywele. Mama akamweleza. Baba aliweka jembe chini, akaenda kichanjani, akachukua kamba.

Nilimfuata mpaka kwenye mpapai, nikasimama. Mtachoka alikuwa ametulia, anamnyooshea shingo ili afungwe. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyolichukia lile fundo, na mkono uliokuwa unalifunga ulikuwa wa baba yangu.

"Mwambie mama nilitoa neno langu," akasema Baba. "Kesho alfajiri nampeleka."

Mama akageuza shingo. "Mama, anasema alitoa neno..."

"Nimesikia." Bibi alikuwa bado kwenye kigoda, kopo mapajani. Aliliinua. "Mwambie mumeo huu unga ni wa nani."

Baba akalitazama lile kopo.

"Mwambie nauliza. Sisi hatuuli. Kuku siwapi, kuku nawala. Kuutupa siutupi, nimeutwanga kwa mikono hii, na watu wanalala na njaa. Sasa huu ni unga wa mbwa. Mbwa akienda Kitaya utaliwa na nani?"

Mama akageuza shingo upande wa pili. "Baba Hadija, mama anauliza..."

"Nimesikia," akasema Baba.

"Basi mwambie mbwa wake ataondoka unga wake ukiisha," akasema Bibi. "Neno lake liko pale pale. Sikumwambia alivunje. Unga ukiisha, ampeleke."

Baba alisimama na kamba mkononi, kichwa chini. Halafu akasema, mwambie mama sawa, unga ukiisha. Akafungua fundo.

Mtaona ni ajabu, lakini mimi sikumshukuru Bibi. Nilimwona mwanamke anayehesabu unga hata wa mbwa, nikaona amempa Mtachoka siku chache kwa sababu ya uchumi tu. Kopo likawekwa dirishani, nikaambiwa nipike mimi, kwenye sufuria kuukuu iliyobonyea, chini ya kichanja, kwa moto wangu mwenyewe. Nikaanza ubahili ambao hata Bibi hakuwa nao. Nilichota unga kwa vidole vitatu. Nilijaza maji, ukawa uji na si ugali, nikamwongezea Mtachoka ukoko wangu wote ili asisikie njaa, na sukari ya Ijumaa nikamlambisha kutoka kwenye jani la mkorosho. Kikohozi kikaisha. Kila siku nilichungulia kopo, na ndani yake nikachora alama kwa mkaa, ili nijue unashuka kwa kasi gani.

Haukushuka.

Nilidhani macho yangu. Nikachota zaidi, nikatazama kesho yake, unga uko kwenye alama. Nikapika ugali wa kweli, wa kushiba, unga ukashuka chini ya alama, na baada ya siku mbili tatu ukawa umerudi. Mwalimu alikwisha tusimulia habari za baraka, chakula kidogo watu wengi wakala na kikabaki. Nikaelewa. Kule kuosha kwangu kulikuwa kumekubaliwa. Mtachoka alikuwa ametwaharika kweli, watu wazima hawakujua tu, na unga wake ulikuwa umetiwa baraka. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilisikia baraka ukiisema inakatika.

Ijumaa, baada ya sukari, Bibi alikuwa ananiuliza kwa ile sauti yake kavu.

"Unga wa mbwa bado upo?"

"Bado upo, Bibi."

"Mwambie baba yako."

Nageuza shingo, Baba yuko pale pale, anavaa kanzu yake ya msikitini. Baba, Bibi anasema unga bado upo. Naye anajibu amesikia. Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, masika yakapita, tukavuna, tukaanika makopa mapya, korosho zikauzwa, masika yakarudi. Kichanja kilitiwa makuti mapya na Baba, na Bibi alisema upande wa chini aongeze mawili matatu, pasivuje. Alama yangu ya mkaa ilikuwa inafutika nikaichora upya. Mbwa hakuvuka mpapai tena. Bibi hakumwita jina hata siku moja.

Bibi alifariki kwenye masika mengine, nikiwa nimeanza kuwa na akili. Aliugua siku chache, hakutaka kusumbua mtu. Watu walijaa, Mama Zuhura alilia kuliko sisi. Matanga yalipokwisha nyumba ikawa kubwa. Mama akawa anapika bila kuonja. Baba hakuwa na mtu wa kupitishiwa maneno, akawa hasemi kabisa.

Na unga ukaanza kushuka. Niliuona uko chini ya alama, nikangoja, haukurudi. Nikachota kidogo zaidi, ukashuka hivyo hivyo, mpaka nikawa nakwangua bati. Nikajua baraka imekatika, na nikajua kwa nini, imeondoka na Bibi. Siku kopo lilipokuwa tupu sikusema. Nilificha matonge yangu kwenye kanga nikampelekea Mtachoka. Baba alikuwa mtu wa neno, na lile neno alimpa marehemu, na neno ulilompa marehemu huna wa kukusamehe.

Ikafika Ijumaa. Nilioga, nikakaa, hakuna aliyenitilia sukari. Baba alikuwa amevaa kanzu, anatafuta kofia yake. Akasimama mlangoni.

"Hadija," akasema. "Unga wa mbwa bado upo?"

Kwetu uongo ulikuwa haupo. "Umeisha, Baba."

Alikwenda dirishani, akalichukua kopo, akatazama ndani, labda aliiona alama yangu. Akaingia nalo chumbani kwa Bibi. Nikasikia mfuniko wa debe kubwa unafunguliwa, ule mlio wa bati kwa bati. Mlio ule niliujua. Niliusikia alfajiri nyingi nikiwa nimejifunika, miaka yote ile, nikidhani Bibi anatupimia unga wa ugali wa siku ile.

Baba akatoka. Kopo limejaa mpaka juu. Akaliweka mbele yangu.

"Hukutazama vizuri," akasema. "Bado upo."

Akavaa kofia, akapita kwenye mpapai, akashika njia ya msikitini. Mkono wa kanzu yake ulikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko, na hakuupangusa.